Uwanja Uliokataa Kunywa

Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu.

Sauti ilitoka chini ya ardhi, nami nilikuwa nimefumba macho. Mkaguzi wa mvua hufundishwa kupima hivyo, kwa sababu macho yana haraka ya kuamua. Unalala kifudifudi, unaziba masikio kwa visikilizio, unaisukuma sindano ya chuma udongoni mpaka urefu wa mkono, kisha unatulia. Ardhi yenye afya husikika kama mtu anayekunywa uji wa moto: inavuta kidogo, inapumzika, inavuta tena. Hii haikuvuta kitu. Ilikwaruza tu, kwa mpigo mmoja, kama kitu chenye meno mengi kinachojitafuna.

Niliwahi kuisikia sauti hiyo mara moja, mwaka uliopita, mtaa wa Kilima cha Mashariki. Niliandika kwenye ripoti: “Udongo umekufa na unasagika wenyewe.” Ripoti ile ilisomwa mbele ya wakaguzi wapya kuwa mfano wa kazi safi, nami nilikaa mstari wa mbele siku hiyo, shingo imenyooka.

Nilifumbua macho. Kwenye kioo cha sindano palisomeka nne. Milimita nne kwa saa.

Mama Tunu, mwenyekiti wa mtaa wa Kigongo Kipya, alikuwa amesimama juu yangu, ufagio wa chelewa kwapani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nimekuona umelala hapo tangu jua halijatoka. Nikasema, labda wenzetu wa serikali ndivyo wanavyoswali. Haya, umesikia nini?”

“Nne.”

“Nne ni nzuri?”

“Inatakiwa sitini.”

Aliutazama uwanja wake, nami nikautazama. Ulikuwa mzuri kuliko sebule nyingi nilizowahi kukanyaga. Hapakuwa na jani wala kokoto. Mistari ya ufagio ililala sambamba kama nywele zilizosukwa, na udongo mwekundu uling’aa kama umepakwa mafuta. Nyumba mia na themanini na sita za mtaa ule zilikuwa na viwanja vya namna hiyo, na kutoka kila upande nilisikia wanawake wakimalizia kufagia. Ni sauti ya kila asubuhi kwetu. Mtu aliyezaliwa nayo haisikii tena.

“Si ndiye wewe uliyewafungia nyumba wenzetu wa Kilima cha Mashariki?” aliuliza.

“Ndiye mimi,” nilijibu, haraka kuliko ilivyohitajika.

“Mdogo wangu Havijawa alihamia kule. Sasa yuko kwenye hema, uwanja wa mpira, na watoto watatu. Nilitaka tu kuiona sura yako.”

Nilikunja visikilizio. Mashavu yalikuwa yakiniwaka, lakini sikuinamisha kichwa. Nilikuwa na sababu zangu. Sheria ya Mvua ilipitishwa miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya gharika iliyoondoka na nusu ya Bonde la Kilonge na nyumba yetu ndani yake. Nilikuwa na miaka saba. Dada yangu Zamda alinifunga kwa kanga kwenye nguzo ya umeme, akaning’ang’ania mpaka kulipokucha, na maji yale yote yalitoka juu, kwenye mitaa mipya iliyopigwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta.

Sheria inasema jambo moja: mtaa mpya hauruhusiwi kumwaga bondeni maji mengi kuliko msitu uliokuwa pale kabla yake. Kwa hiyo kila mtaa hujengwa juu ya tumbo, yaani tabaka nene la kokoto linalotunza mvua. Juu ya tumbo, katika udongo wenyewe, hupandwa utandu: uzi hai, mwembamba kuliko unywele, uliotengenezwa maabara kutokana na uyoga. Utandu hushika chembe za udongo zisigandamane, ukaacha vinjia kama vya mkate ulioumuka. Maji hushuka tumboni, yakatoka polepole kwa siku tatu, na mto haushtuki.

Zamani mkaguzi alikuwa na kalamu, akawa anaombwa na kubembelezwa. Sheria ikamnyang’anya kalamu, ikampa sindano. Anachoma mara tatu ndani ya siku tatu, mahali anapochagua mwenyewe. Sindano mbili zikifika sitini, mtaa umepita. Zisipofika, namba hujipeleka makao makuu, umeme na maji vinakatika, milango inajifunga, na wakazi wanasubiri kiangazi kingine mahemani. Hakuna wa kumlilia.

Sindano ya kwanza niliichoma Alhamisi, saa moja asubuhi. Nilikuwa na muda mpaka Jumapili saa moja. Na watabiri walisema mvua kubwa ya masika itaanguka Jumapili hiyohiyo.

“Hizo mbili zilizobaki,” Mama Tunu alisema, “nani anachagua pa kuchoma?”

“Mimi.”

“Basi usipite bila kufika kwa Chande. Nyumba ya mwisho, ile yenye aibu.”

* * *

Aibu yenyewe niliiona kutoka mbali. Majani makavu yalifika kifundo cha mguu. Kuku kumi na wawili walikuwa wakichakura, na kwenye kona palikuwa na lundo la maganda ya ndizi ambalo hakuna mtu angeweza kulieleza kwa heshima. Chande, fundi redio mstaafu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba katikati ya vurugu hiyo, anamenya chungwa.

“Karibu kwa Bwana Takataka,” alisema. “Wameshakwambia jina langu?”

“Mzee, hufagii?”

“Mgongo wangu haukuumbwa kwa kuinama. Kuku wanafagia. Wewe ni yule anayelala chini?”

Nililala chini. Sikuchoma sindano, kusikiliza tu hakuandikwi popote. Niliweka kisikilizio kwenye udongo, nikafumba macho. Ardhi ya Chande ilikuwa inakunywa umande. Ilivuta kwa raha, pana na kina, kama watu mia kwenye karamu. Sikuhitaji namba kujua kwamba pale ni tisini na zaidi.

Chande alinitazama nilivyoinuka.

“Nzuri?”

“Nzuri sana.”

“Basi choma zako mbili hapa twende tukanywe chai. Watu walale.”

Nilisogea kando ya ukuta, nikampigia mkubwa wangu, Mhandisi Leokadia. Alinisikiliza bila kunikatiza.

“Sindano mbili kati ya tatu,” alisema. “Mahali pa kuchoma anachagua mkaguzi. Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Kwa hiyo unaniambia nichome hapa?”

“Sikwambii kitu, Shomvi. Nakukumbusha kilichoandikwa.”

“Hakuna kifungu cha kuahirisha?”

“Hakuna. Kuna cha kumi na moja, lakini hicho ni cha mkaguzi anayekiri kwa maandishi kwamba alikosea, ili mtaa alioufunga upimwe upya. Yeye anavuliwa sindano, anarudi kubeba mitungi ya sampuli miaka miwili. Hakuna aliyewahi kukitumia. Na wewe hujakosea kitu.”

Nilibaki nimeshika simu. Kiwanja kimoja kinachokunywa, na mia na themanini na tano visivyokunywa. Nikichoma kwa Chande mara mbili, sheria itaridhika, familia zitalala ndani, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuniita mwongo. Jumapili mvua itaanguka juu ya viwanja vinavyong’aa, itateleza kama kwenye sinia, itashuka. Nikichoma penye ukweli, watu hawa, ambao wengi wao walitolewa bondeni kwa ahadi ya makazi salama, watarudi kwenye matope wakiwa na funguo mifukoni. Na ukweli wangu utakuwa safi kabisa.

Nilimpigia Zamda. Dada yangu ni mkunga wa zahanati ya Bonde la Kilonge, hatua sitini kutoka mtoni. Nilimweleza yote.

“Nina wajawazito sita wodini,” alisema. “Wawili watajifungua wiki hii.”

“Unanishauri nini?”

“Sikushauri. Ukichoma kwa huyo mzee, nipigie mapema nihamishe vitanda. Hilo tu.”

“Na nisipochoma kwake?”

“Usinifanye mimi nichague, mdogo wangu. Mshahara wa kuchagua wanakupa wewe.” Kisha sauti yake ikalegea kidogo. “Umekula?”

“Bado.”

“Kula kwanza. Ukiwa na njaa unakuwa jaji.”

* * *

Ijumaa alfajiri nilirudi kwa Chande, nikalala tena chini, bila kujua ninatafuta nini. Nilikuwa nimekesha nikijiuliza swali moja la kitoto: kwa nini hapa? Utandu ni uleule, ulipandwa siku moja na mashine moja. Tumbo ni lilelile.

Ardhi ilivuta, ikapumzika, ikavuta. Halafu, kwa mbali, ikaja: kwaruu. Kwaruu.

Ilitoka upande wa ukuta. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilivunja mafunzo, nikafumbua macho nikiwa bado ninasikiliza. Ng’ambo ya ukuta mfupi, jirani alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni. Alinyunyiza maji kutuliza vumbi, akavuta ufagio. Kwaruu. Akavuta tena. Kwaruu. Mkono wake na sikio langu vilikuwa kitu kimoja.

Nilivua visikilizio. Sauti ilikuwa ileile hewani, imenizunguka pande zote, mtaa mzima. Nilikuwa nimeisikia tangu nizaliwe.

Hapakuwa na udongo uliokufa. Maji ya kunyunyiza yalilainisha vumbi, ufagio ukalisambaza, na lile tope jembamba likashuka kwenye vinjia na kuviziba, tabaka juu ya tabaka, kila asubuhi kwa miezi minane, kama mtu anavyokandika ukuta. Chini yake utandu ulikuwa umelala tu, bila hewa na bila jani la kula. Kiwanja kilichopendwa zaidi ndicho kilichozibwa zaidi.

Hapo ningetakiwa kunywa maji na kufikiri namna ya kusema. Badala yake nilikwenda mbio mpaka uwanjani kwa Mama Tunu, ambako wanawake kama thelathini walikuwa wamekusanyika kusubiri hatima yao, nikasimama katikati.

“Ni ninyi,” nilisema. “Ninyi ndio mnaoiua hii ardhi, kwa mikono yenu. Hizo fagio zenu zitawarudisha mahemani na kuwazamisha watu wa bondeni. Kuanzia leo asifagie mtu.”

Mama mmoja alicheka kidogo, akaacha.

Mama Tunu alinisogelea taratibu. “Bondeni tuliitwa watu wa tope,” alisema. “Watoto wangu walirudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya miguu yao. Mkwe wangu alikataa kuingia kwangu. Nina miaka hamsini na tatu, na huu ndio uwanja wangu wa kwanza kuwa mkavu. Nawe unakuja hapa, unanyoosha kidole kama unamfundisha mtoto kunawa, unaniambia niuache uoze?”

“Mama, kisayansi—”

“Kisayansi toka.”

Alichukua begi langu, akaliweka nje ya geti. Akarudi, akachukua ufagio, akafagia nyayo zangu.

Chande alinikuta barabarani nimekaa juu ya begi.

“Umesema kweli,” alisema, “lakini umesema kama mtu anayesoma hukumu. Mimi wameniita Bwana Takataka miezi minane na sijawahi kumjibu mtu hivyo.”

“Nimewaambia ukweli.”

“Umewaambia wana makosa. Ukweli hujawaonyesha. Una ndoo?”

Sikuwa na ndoo. Na sikuwa na hamu ya kurudi. Nilikaa pale mpaka jua likaanza kuuma shingo, nikipambana na kiburi changu, ambacho ni kikubwa na kimelishwa vizuri. Kisha nikabisha hodi.

“Nimekuja kuomba radhi,” nilisema, na maneno yalinikwaruza koo. “Si kwa nilichosema. Kwa nilivyosema. Mama, ninaomba ndoo mbili, na uje nazo wewe mwenyewe.”

“Za lita ngapi?” aliuliza.

Ndoo ya kwanza tuliimwaga kwa Chande. Mama Tunu mwenyewe ndiye aliyehesabu, kwa sauti, asije akadanganywa. Alifika sita. Maji hayakuwepo tena. Kuku mmoja alikuja kuchungulia yalikokwenda.

Ya pili tuliimwaga uwanjani kwake. Maji yalitanda, yakatetemeka, yakaanza kutembea. Yalipita mlango wa jiko, yakapita geti, yakateremka mtaroni yakiwa mekundu, yanaelekea bondeni. Aliacha kuhesabu alipofika arobaini. Aliyafuata mpaka getini, akasimama, mkono kiunoni, akiyatazama yanavyoshuka kona ya barabara.

“Ndoo moja,” alisema.

“Ndoo moja.”

“Na mvua ya Jumapili ni ndoo ngapi, kwa nyumba zote hizi?”

Hakungoja jibu. Aliyajua maji yale. Yaliwahi kuingia nyumbani kwake zaidi ya mara moja, na kila mara aliwalaani walioyatuma.

“Hakuna aliyetuambia,” alisema kwa sauti ndogo. “Siku ya kukabidhiwa walitupa funguo na kitabu kwenye simu. Kurasa mia na arobaini. Nani anasoma?”

“Ukurasa wa tisini na mbili unasema uso wa udongo usibanwe. Haukutaja ufagio.”

“Aliyeandika hajafagia maisha yake.”

Aligeuka kuwatazama wanawake waliokuwa wamejaa getini. “Haya. Nani ana taimbo?”

* * *

Mataimbo yalikuwa saba. Waliokosa walileta nondo, uma za bustani, na mmoja alileta mchi. Niliwaonyesha: shimo jembamba, urefu wa mkono, shubiri moja kutoka shimo hadi shimo, kisha jaza majani makavu. Utandu uliolala ukipata hewa na jani huamka haraka, hutambaa shubiri nzima kwa siku. Tulikuwa na siku moja na nusu.

Majani yote yalitoka kwa Chande. Waliyabeba kwa masinia na mashuka, naye alikaa kwenye kiti chake akigawa kama waziri. “Wewe uliniita nani juzi? Sema kwanza, nikupe majani.” Wakasema, wakicheka, wakachukua.

Mashimo yakaanza kuwa na mpigo. Mahali penye mpigo watu wetu hawakai kimya, na mimi, ambaye najua kufunga vina bila kufundishwa na mtu, sikuweza kujizuia. Nilitupia ubeti, wakaudaka:

Udongo tulikubana
Kwa usafi wa kufana
Tumekufungua tena
Unywe maji ya Rabana

“Vina vyake vizuri,” Mama Tunu alisema bila kuinua kichwa, “lakini taimbo lake limelala. Anayetunga na atoboe.”

Nilitoboa. Viganja vilichubuka, vikapasuka, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Jumamosi mchana hapakuwa na uwanja uliobaki unang’aa. Kigongo Kipya kizima kilionekana kama kitambaa kilichotiwa sindano na cherehani iliyochanganyikiwa. Niliwaona wanawake wakitoka barazani, wanaunyoosha mkono kuelekea ufagio kwa mazoea, wanauacha. Mmoja alinifokea kwamba usiku hakulala kwa ajili ya jani moja lililokuwa mbele ya mlango wake.

Jumamosi jioni ikabaki sindano. Sikutaka kuchagua. Nilijua mahali pote palipotobolewa vizuri na palipotobolewa kwa uvivu, na mkono wangu ungenidanganya. Nikawaambia wanifunge macho kwa kanga, wanitembeze mtaani wanavyotaka, wanizungushe, kisha nirushe ufagio. Utakapoanguka, hapo nitachoma.

“Ukianguka kwa mvivu?” mtu aliuliza.

“Basi mvivu atatuhukumu sote.”

Mara ya kwanza ulianguka nyuma ya shule. Nililala, nikasukuma sindano, nikangoja robo saa inayotakiwa. Sauti ilikuwa hafifu, kama mgonjwa anayenyweshwa kwa kijiko. Sitini na saba. Walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Mara ya pili walinizungusha zaidi, wakanipitisha njia ambazo sikuzijua tena, nikarusha. Nilisikia watu wakishusha pumzi. Nilipofungua kanga nilikuwa uwanjani kwa Mama Tunu. Ufagio ulikuwa umelala hatua mbili kutoka tundu la sindano yangu ya kwanza, lile la nne.

“Mmenileta hapa makusudi,” nilisema.

“Aliyerusha ni wewe,” alinijibu, lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

Nikalala. Nikafumba macho. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Baadaye ikaja kwa mbali, kisha karibu, pana na kina: kuvuta, kupumzika, kuvuta. Robo saa ilipokwisha sikutaka kutoa sikio.

“Ngapi?” Mama Tunu aliuliza.

“Themanini na moja.”

Aliketi chini palepale, kwenye uwanja uliojaa majani, yeye ambaye hakuwahi kuketi chini bila mkeka.

“Nilitoboa kwa hasira,” alisema. “Kila shimo nilikuwa nakuwaza wewe.”

* * *

Jumapili mvua ilianguka saa nne asubuhi, bila kuanza taratibu. Tulisimama barazani kwake, mimi, yeye na Chande, na hatukuweza kusemezana kwa kishindo cha bati. Uwanja ulipigwa, ukatoa povu, majani yakacheza juu yake. Kila mara dimbwi lilipojaribu kutanda lilizama, kana kwamba mtu alikuwa chini na mrija. Getini palipita kijito chembamba kama kidole, kisafi.

Iliponyesha kwa saa nzima ikapungua, simu yangu iliita.

“Mto umefika ngazi ya pili ya zahanati,” Zamda alisema. “Umekaa hapo. Sasa unashuka.” Nyuma yake nilisikia kitoto kichanga kikilia kwa nguvu. “Huyo amezaliwa mvua ilipokuwa kali. Sikuhamisha kitanda hata kimoja.”

Alikata kabla sijajibu, kwa sababu ananijua.

Chande alikwenda kuwaangalia kuku. Mama Tunu alibaki ameegemea nguzo, anatazama maji yanavyopotea. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo wa kutwa, lakini hakuwa anatabasamu.

“Na kwa Havijawa kunanyesha,” alisema. “Juu ya turubai.”

Nilikuwa nimelikwepa jambo hilo tangu Ijumaa. Nililizungushia mataimbo, ubeti na kanga machoni, nalo lilikuwa limekaa palepale likinisubiri. Sindano ilikuwa mfukoni mwangu. Niliigusa.

“Mama,” nilisema. “Kule Kilima cha Mashariki nilisikia sauti ileile.”

Aligeuka.

“Kwaruu,” nilisema. “Niliandika kwamba udongo umekufa. Ulikuwa mzima. Walikuwa wanafagia tu.”

Hakunifokea. Ningeona afadhali anifokee. Alinitazama kama alivyoyatazama yale maji mekundu yakishuka barabarani, kisha akatoa simu, akabonyeza, akaniwekea mkononi. Upande wa pili mvua ilikuwa inapiga turubai, na sauti ya mwanamke ikasema, “Haloo? Dada? Mko salama?”

“Siyo dada,” nilisema. “Naitwa Shomvi. Mimi ndiye mkaguzi niliyeufunga mtaa wenu mwaka jana. Bi Havijawa, nilikosea. Udongo wenu haukufa, nami sikujua nilichokuwa nasikia. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapo uwanjani, na karatasi ya kukiri imetiwa sahihi, na taimbo begani. Wataninyang’anya sindano; na waichukue. Lakini nitaanza na uwanja wako, nitatoboa na wewe, na sitaondoka kilimani mpaka uingie kwako na watoto wako, ufunge mlango mwenyewe kwa ndani. Nakuahidi.”